Rangi ya Plagi ya Pili

Nilinyoosha mkono mtupu mbele ya uso wa baba yangu, nikamwuliza plagi niliyoishika ina rangi gani, naye akanijibu.

“Hiyo imeungua kidogo pembeni,” alisema. “Si kitu. Rudisha, ufunge.”

Miaka kumi na tisa imepita, na sijapata tena kupigwa na jibu kama lile. Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nilikulia gerejini, mahali ambapo watu wazima huapa kwamba gari limejiharibu lenyewe. Huko mtu hujifunza mapema kutosadiki neno mpaka boneti ifunguliwe.

Baba hakusomea udaktari, ila mtaa mzima ulimwita Daktari. Akiletewa gari linalokohoa, alikuwa akifungua plagi zote nne, zile zinazotoa cheche za kuwasha petroli ndani ya injini, akazilaza juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio wa silinda zake, kisha akazisoma. Ncha ya plagi hutunza rangi ya moto ulioipitia. Kahawia hafifu: injini ni nzima. Nyeusi ya masizi: inakunywa petroli kupita kiasi. Nyeupe kama chaki: inaungua, na mwenye kuendelea kuiendesha atabaki njiani na pistoni iliyoyeyuka. Ole wake aliyeifuta plagi kabla haijasomwa. “Umemziba mgonjwa mdomo,” baba alimwambia. “Haya, maswali yake yajibu wewe.”

“Daktari, mgonjwa ana mimba?” mchomeleaji wa jirani hakukosa kuuliza.

“Ana mume kama wewe,” baba alijibu bila kuinua kichwa. “Hali yake ni mbaya zaidi.”

Asubuhi ile ilikuwa Alhamisi. Mama alikwisha kuketi kwenye gari letu, kiti cha mbele, mkoba mapajani. Figo zake zilikuwa zimegoma, na kila Jumatatu na Alhamisi baba alimpeleka ng’ambo ya mji kusafishwa damu. Usukani wa gari lile hakumwachia mtu. Miadi ilikuwa saa nne, saa tatu ilikwisha kupita, na injini ilikuwa ikishtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi.

“Fungua wewe,” baba aliniambia. “Vidole vinaniuma.”

Vidole vilikuwa vikimwuma kwa miaka miwili. Spana zote alikwisha kuniachia. Yeye alikaa juu ya kreti, akisikiliza injini na kutoa amri. Sisi tuliuita uzee, tukaendelea na kazi.

Plagi ya pili ilitoka nyeupe kama chaki. Niliiinua mbele yake kwa fahari ya mwanafunzi aliyeona kabla ya mwalimu.

“Kahawia,” alisema.

Nilidhani ananitania, ingawa kuhusu plagi hakuwahi kutania. Nikachukua mpya kutoka kwenye boksi, isiyowahi kuonja moto. “Na ya tatu?”

“Kahawia vilevile. Mama yako anachelewa.”

Ndipo nilipoiweka ile plagi chini, nikanyoosha mkono ambao haukuwa na kitu.

Baada ya jibu lake nilisikia kioo cha gari kikishushwa.

“Ameshajua, mzee,” mama alisema. “Usijisumbue.”

Spana ilinitoka mkononi, ikalia juu ya sakafu, na baba akageuza uso kuelekea mlio wake, si kuelekea kwangu.

“Tangu lini?” niliuliza.

“Mwaka juzi. Presha ya macho. Lakini mwanga nauona. Lori naliona.”

“Kivuli cha lori,” mama alimsahihisha.

“Na gari anaendesha nani?”

“Si yeye?” mama alijibu, kana kwamba nimeuliza jambo la kipuuzi. “Mimi namwambia. Kushoto, polepole, kuna baiskeli, simama.”

Nilikuwa nimewasikia mara nyingi wakitoka getini, mama akiongea mfululizo. Nilidhani ugonjwa umemfanya mpenda maneno. Kumbe mji mzima ulikuwa ukivukwa kwa maneno yale, mara mbili kwa wiki, kwenda na kurudi. Kurudi! Wagonjwa hutoka kwenye mashine ile hoi, hawajiwezi.

“Na wakati wa kurudi, mama? Ukishikwa na usingizi?”

“Silali. Ukinijia, najifinya.”

Akapandisha mkono wa gauni. Alama nyeusi zilipangana kutoka kiwiko hadi karibu na bega. Nilikuwa nimeziona kitambo, nikazihesabu kuwa za sindano.

Nilikaa juu ya tairi. Miaka miwili nilifanya kazi hatua tatu kutoka kwa mtu yule, mimi nisiyesadiki kitu mpaka nikione. Nilipopata sauti nilimwomba funguo. Alizifumbata.

“Nikikupa hizi, nami nimekuwa mgonjwa,” alisema. “Nyumba moja, wagonjwa wawili.”

“Mpe mtoto, mzee,” mama alisema. “Nimechoka.”

Neno hilo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. Baba alizitoa papo hapo, akapapasa mlango, akaingia kiti cha nyuma. Nilirudisha plagi moja baada ya moja. Nilipokuwa nakaribia kufunga boneti, akaniita.

“Ile ya pili. Ina rangi gani hasa?”

“Nyeupe.”

“Nyeupe kiasi gani?”

“Kama chaki, baba.”

“Basi usiliwashe. Kuna mpira wa hewa umechanika, nyuma ya silinda ya pili. Unapiga mluzi tangu Jumatatu.”

Niliinama, nikapitisha kidole nyuma ya injini. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, ufa mrefu kama ukucha.

“Tangu Jumatatu? Mbona hukusema?”

“Nilidhani utauona,” alisema. “Ningesema mimi, ungeniuliza nimeuona wapi.”