Ubani Ndani ya Chungu

Zubeir aliingia uani kwa Bi Nadhira na panga mkononi, na kabla hajatoa hata salamu alikwisha kupasua vyungu viwili. Mchanga wa kaburi la binti yake ulikuwa bado umemganda magotini. Nyuma yake kilifuata kitongoji kizima, na kijiji chote cha Ole kilijua kuwa Zubeir akishika panga, suluhu huja baada ya damu.

"Mwanangu kafa kwa maji yako, Bi Nadhira," alisema, akapasua kingine.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia kisimani tangu masika. Nadhira, mfinyanzi mtoto wa mfinyanzi, alikwenda mjini Gombani kufundishwa chungu cha kuchujia maji: unakanda udongo na vumbi la mbao, unachoma, vumbi linaungua na kuacha vitundu visivyoonekana, kisha unapaka maji yenye chembechembe za madini ya fedha, ndogo hata jicho haliwezi kuzishika. Mwalimu aliziita nano. Vijidudu vikipita hapo vinakufa. Na kweli, nyumba zenye vyungu hivyo zilikuwa hazijazika mtu, isipokuwa hii moja ya Zubeir.

"N'onyeshe hicho chungu chenyewe," alisema Nadhira.

Zubeir alikuja nacho kwapani; akamtupia miguuni. Ukingo ulimeguka, lakini kitako hakikuvunjika, na katikati yake palikuwa na tundu la msumari. Nadhira akakinusa. Ubani. Akafahamu yote papo hapo. Hakuna mwanamke wa Ole aliyelelewa akaleleka anayetia maji ya kunywa katika chombo kabla ya kukifukiza. Masizi ya ubani yakaziba vitundu, maji yakakataa kushuka, na Suhaila, mke wa Zubeir, akakitoboa. Mwalimu alikuwa mtu wa bara, asingejua kulikataza jambo hilo. Nadhira alilijua, ila halikumjia, kama vile mtu asivyokumbuka kuwahimiza wenzake wapumue.

Suhaila alikuwa amesimama penye lango la ua, kanga mdomoni. Meno mawili ya mbele hana. Yaling'oka kwa ngumi ya Zubeir Ramadhani iliyopita, kwa sababu ya futari iliyochelewa. Nadhira akisema kweli, yule mwanamke hafiki jioni. Akinyamaza, watu wataamini vyungu ndivyo vinavyoua, Ole nzima itarudi kunywa maji ya kisima, na watoto watazikwa.

"Vyungu vyangu havina ila," alisema. "Hichi kimoja n'lokitoboa mie, kwa bahati mbaya, nikampa mkeo. Kosa langu."

Panga likashuka. Aliinua mkono kujikinga, likamkata chini ya kiwiko hadi mfupani, na Nadhira akakaa kitako juu ya vigae vyake mwenyewe. Wanaume waliokuja na Zubeir walibaki kutazama; ushujaa wao ulikuwa wa kubeba jeneza tu. Zubeir akainua panga tena.

"N'lokitoboa mie," alisema Suhaila. "Maji hayashuki, na mwana yuna kiu."

Zubeir akamgeukia. Panga lilikuwa bado juu. Chungu kizima kilibaki kimoja. Nadhira akainuka, akakinyanyua kwa mkono uliosalia na nguvu, akakipasua utosini mwa Zubeir. Mwanamume akaanguka kifudifudi, panga likamponyoka, damu ikamfunika sikio.

Suhaila hakushukuru. Alimgeuza mumewe chali, akajitupa juu yake, akamwita Nadhira muuaji mbele ya watu. Nadhira aliumia, akachukia, akachukia hata akatamani angalimwacha akatwe.

Zubeir akafumbua macho. "Maji," alisema.

Suhaila akaikimbilia ndoo ya maji ya kisima, yale ya kukandia udongo, akachota kwa kata na kuipeleka mdomoni mwa mumewe. Nadhira, aliyekwisha kuketi tena, akajikokota kwa makalio, akaipiga teke kata, kisha ndoo. Maji yote yakamwagika juu ya vigae.

"Kachemsheni kwanza," alisema, na damu bado inamtiririka.

Mwanamke mmoja akaenda kuwasha moto.