Biblia ya Nne

"Herufi zake ndogo mno," nilimwambia mke wangu asubuhi ile. "Sura moja kila siku kwa herufi hizi, macho yataisha. Nikitoka karakana napitia dukani kuchukua nyingine."

Alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa. "Itakuwa ya nne, baba watoto. Mchagua jembe si mkulima."

Kwani mimi napenda? Ya kwanza ilikuwa tafsiri ya zamani, Kiswahili kigumu, kila mstari nauliza maana. Ya pili ikawa nyepesi kupita kiasi, nikaona hainiheshimu. Hii ya tatu, yenye maelezo pembeni, muuza vitabu aliniuzia huku ananicheka. "Mzee, unatafuta Biblia au mto?" Anajua kazi yangu ni kutengeneza makochi. Nilinuna, lakini nilinunua.

Siku nzima natengeneza viti vya watu, ila mwenyewe kukaa siwezi. Asubuhi hiyo nilishafunga dirisha, nikalifungua, nikatafuta kiatu ambacho kumbe nimekivaa. Na sikutaka kusema kwa nini.

Mke wangu akaacha nguo, akazipanga Biblia zote mezani. Kwenye ya kwanza nilikuwa nimeweka alama ya kipande cha kitambaa cha kahawia, kwenye ya pili cha kijani. Akafungua palepale penye alama. Kitabu cha kwanza kabisa cha Biblia, sura ya thelathini na tatu, zote mbili.

"Hiyo iache," nikasema alipoigusa ya tatu. "Nimechelewa kazini."

Hakuiacha. Akafungua sura ileile, na alama yake ilikuwa kadi ya harusi.

Binti wa kaka yangu anaolewa Jumamosi. Wiki nzima mke wangu ananiuliza kama kadi imefika, nami najibu bado. Sasa aliishika mkononi.

"Na hii nayo herufi zake ndogo?"

Niliona aibu, jamani. Miaka sita iliyopita kaka alifika msibani kwa mama tumeshazika. Basi lake liliharibika njiani, lakini mimi sikutaka kusikia. Nilimfukuza mbele ya watu, yeye mkubwa wangu, akaondoka na begi lake. Na sura hiyo, kama hujaisoma, ndipo ndugu wawili waliokosana wanapokutana baada ya miaka mingi, na mkosaji ndiye anayekuja akiogopa. Mara ya kwanza nilichungulia tu, nikafunga. Tangu siku hiyo nasingizia tafsiri.

Mke wangu aliigeuza kadi. Nyuma palikuwa na mwandiko wa kaka, na mimi sikuwahi kuigeuza. Akasoma: "Mdogo wangu, kiti cha pembeni yangu ni chako. Usipokuja kukikalia wewe mwenyewe, kitabaki wazi."

Nilivuta kiti nikakaa.

"Nikupe ipi?" akauliza.

"Yoyote."

Akanisogezea ile ya zamani. Nilisoma sura yote, kwa sauti, kwa Kiswahili chake kigumu, na hakuna neno nililouliza maana. Nilipomaliza nikamwomba simu yake, maana kwenye yangu namba ya kaka nilishaifuta.