Nani Huyu Itodiki?

Mimi simpendi mteja anayeingia na machozi. Muhuri hautengenezwi kwa machozi. Unaleta maandishi, unachagua duara au mstatili, unarudi kesho, basi. Lakini yule mama aliingia analia na kufoka kwa wakati mmoja, akabwaga sarafu juu ya meza yangu, katikati ya vipande vya mpira na visu vya kuchongea.

"Fundi, nisomee jina hili. Halafu uniambie anaishi wapi."

"Mama, mimi natengeneza mihuri, sipigi ramli."

Hakucheka. Alikaa bila kukaribishwa, akamwaga yote. Sarafu ameikuta kwenye mfuko wa suruali ya mumewe. Miezi saba sasa mwanamume anatoka asubuhi kwenda kazini, na jioni anarudi ananukia sabuni, kaoga akatakata. Anaoga wapi? Kwa nani? Akiulizwa anaangalia chini. Sonara kasema sarafu ni fedha halisi, tena ya zamani. Mwalimu, jirani yao, kaangalia herufi akasema jina hilo ni la kigeni. Itodik, yaani Itodiki kwa ulimi wetu.

"Nimemtafuta Itodiki mtaa mzima. Saluni zote nimeuliza. Leo saa kumi wazee wanakaa kwetu, ndoa inavunjwa. Miaka ishirini na sita, fundi! Nataka nimtaje huyo mwanamke mbele yao, mume wangu akose pa kuuficha uso wake."

Ilikuwa imebaki nusu saa. Nikachukua kioo cha kukuzia. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mfalme gani sijui, kimesagika mpaka pua imekwisha. Upande wa pili ulikuwa umesuguliwa kwa msasa, na hapo mtu amechonga herufi sita. Kazi mbovu, nisiseme uongo. Ila D imegeuka, na K imegeuka. Hivi mwalimu gani haoni kwamba K imempa mgongo? Mimi kutwa nzima nasoma kinyumenyume. Gazeti ndilo linanipa taabu.

Nikachokonoa kwa sindano. Ukatoka uchafu mweupe, laini. Nikaunusa.

"Mama, hii ilikuwa sarafu. Sasa ni muhuri, na si wa wino."

Nikachukua kipande cha sabuni ninachonawia mikono, nikaigandamiza sarafu juu yake kwa nguvu, nikaibandua. Herufi zilikuwa zimesimama, zinasomeka vizuri kabisa: KIDOTI.

Mkono wake ukaenda penye doa jeusi pembeni ya pua.

"Hilo jina ananiita yeye tu," akasema taratibu. "Alikuwa akiniita, kabla hatujagombana."

"Basi mumeo anapika sabuni, na anaipiga chapa ya jina lako."

"Anaipika saa ngapi? Si yuko kazini?"

Nikafunga mdomo. Si kila kitu anachokisoma fundi ni chake kukisema. Ila nilimwona jinsi alivyoufikia ukweli mwenyewe, hatua kwa hatua, na nikamhurumia kweli. Akatoa simu. Kwa haraka akabonyeza kipaza sauti bila kutaka.

"Kazini walikuachisha lini?"

Upande wa pili nilisikia viti vikiburutwa, na mtu akikohoa.

"Mwezi wa pili," mwanamume akajibu kwa sauti ndogo. "Niliona aibu. Nilijisemea, nikipata hata katoni moja ya kuuza, ndipo nikwambie."

"Na hii sarafu?"

"Ya marehemu babu. Sikuwa na kitu kingine cha kuchonga."

"Na mimi nimekutukana mbele ya watoto wako."

"Ulikuwa na haki, mke wangu. Mtu mzima anarudi nyumbani ananukia kama bafu la hoteli."

Mimi nililia. Ndiyo, mimi huyu huyu.

"Wazee wamefika?" akauliza mama.

"Wote. Na kaka zako wawili. Wananibana niwaambie Itodiki ni nani."

"Umewajibu nini?"

"Kwamba simjui. Hakuna anayeniamini."

Mama akajifuta uso kwa kiganja, akasimama, akaitia sarafu kifuani.

"Wape chai. Usiseme neno lolote mpaka nifike. Nitaongea mimi."