Akiba ya Ukuta

Asubuhi ile fundi cherehani alikuwa akifumua suruali ya mteja aliyenenepa. Kwao walimfundisha hivyo: kila nguo iachiwe akiba ya kitambaa ndani ya mshono, maana mwili wa mtu haubaki ulivyo. Nyuma ya kiti chake mama mkwe alilala amejikunja kama jongoo aliyeguswa, magoti kidevuni, kwa kuwa chumba kiliishia hapo.

"Mwanangu, kabla sijafa nataka ninyooshe miguu. Sikuvuka bahari nije kukunjwa kama shuka."

"Vumilia, mama. Nimalize kwanza matako ya bwana huyu, hayana mwisho."

Alipomaliza, akapapasa ukuta. Kwenye kona, chini ya rangi, kidole kikagusa mshono. Akachukua wembe, akafumua taratibu, vumbi la chokaa likimwangukia mapajani. Akiba ilikuwa ya kutosha. Aliyejenga nyumba ile alijua kazi. Ukuta ukaachia kuelekea uani, chumba kikapata urefu wa kitanda, naye akaushona upya kwa uzi wa jinzi. Mama mkwe akanyoosha miguu. Magoti yakalia kama kuni kavu. Akacheka, akapitiwa na usingizi.

Kufika adhuhuri mtaa mzima wa Wahindi ulikuwa na habari. Muuza vitambaa akaja, kinyozi akaja na sabuni mkononi, wakautazama mshono, wakausifu mkono wa fundi.

Mjomba naye akaja. Hakuwa mjomba wa mtu. Alitoka nchi yao, akafika kabla ya wengine, akazishika nyumba zote za mtaa. Kila mgeni alimpokea stesheni kwa kumkumbatia, "Hapa uko nyumbani," kisha akamwingiza kwenye chumba cha kujikunja. Aliyekwisha kukumbatiwa hakujua aanzie wapi kumtukana.

Mjomba akapitisha kidole kwenye mshono. "Kazi safi, binti yangu. Ila nafasi hii ni ya nyumba, na nyumba ni yangu."

"Mjomba, hiyo ni miguu ya mama."

"Mama ni mama yetu sote. Lakini leo wanafika ndugu zetu. Tuwalaze barabarani? Sisi kwa sisi?"

Fundi aliuma meno hadi sindano aliyoibana mdomoni ikakatika. Majirani wakatazama viatu vyao. Jioni seremala akapigilia mbao palepale ukuta ulipokuwa zamani, akatoboa mlango upande wa uani. Mjomba akaacha maagizo: kesho fundi akafumue na ukuta wa kinyozi.

Mama mkwe akarudisha magoti kidevuni. Nyuma ya mbao mtu alikohoa.

"Nani huyo amelala penye miguu yangu?"

"Wageni, mama. Watu wa kwetu."

"Angalau wao wamenyooka?"

Fundi akaweka sikio kwenye mbao, akasikiliza.

"Hapana, mama. Wamejikunja wote."