Inchi ya Kwanza

Mama alikuwa anatoka hospitali Ijumaa, na Jumatano alasiri baba alikuwa bado hajamaliza benchi. Nilimkuta uwani akipiga msasa. Nimetoka kazini, miguu imevimba, pini za kushonea bado zimechomekwa kwenye kola, na sikuwa na nguvu hata ya kugombana. Na kugombana nilikuwa nakutaka.

"Baba, tununue kiti tu," nikamwambia. "Kiti cha dukani, chenye miguu inayolingana."

Akaendelea na msasa wake. Baba akiamua kutosikia, hata umpigie debe sikioni hasikii.

Baba ana kitabu. Hakina jalada tena, wala kurasa sita za mwanzo, lakini sote tunajua kilichokuwa kimeandikwa juu yake: Fanya Mwenyewe. Alikiokota posta, alikokuwa karani, siku walipokuwa wanatupa makaratasi ya zamani, mimi sijazaliwa. Kila ukurasa una mchoro wa kitu cha mbao cha nyumbani au cha bustanini, na pembeni yupo bwana mmoja mwenye tai anayekata mbao bila kutoka jasho. Jasho lake amelitoa baba, miaka arobaini sasa. Kuna rafu ya viatu iliyopinda. Kuna nyumba ya ndege ambayo ndege walikuja, wakaikagua, wakaenda zao. Kuna kiti cha kukunja kilichojikunja chenyewe mjomba akiwa amekikalia. Mtaani wakampachika baba jina hilohilo, Fanya Mwenyewe, naye akaliona ni cheo. Mama akaligeuza silaha. Baba akiomba chai wakati mbaya, jibu linatoka jikoni: "Fanya mwenyewe!"

Tulicheka mpaka siku ya stuli. Mama aliipanda kuteremsha sufuria kubwa, mguu mmoja ukachezacheza, na aliposhuka alishuka na sufuria na kila kitu. Nyonga ikavunjika.

Ikawa miezi miwili ya kutoka kwenye cherehani kwenda wodini na kutoka wodini kwenda kufua. Nilichoka uchovu ule ambao ukilala unaamka nao. Mama alimnunia baba. Baba akiingia na chakula, mama anageukia ukutani, na baba anakaa palepale nusu saa, bakuli mapajani, kisha anaondoka. Alikuwa ameshajitangaza kwa daktari bila kuulizwa: "Ni mguu mmoja wa stuli. Niliukata vibaya." Nami pale kwenye korido, mbele ya kaka na wifi, nikamalizia. "Baba, mikono yako imeshastaafu. Iache ipumzike kabla hujatuua."

Kaka akatazama viatu vyake. Baba akasema, "Sawa, mama." Ananiita mama tangu nizaliwe.

Sawa yake ilidumu wiki tano. Daktari alisema mgonjwa akirudi asikae chini sana, hatanyanyuka. Atafutiwe kiti kigumu, cha kimo cha inchi kumi na nane, si pungufu. Mama naye akasema akirudi anataka kukaa uwani karibu na nyanya zake, hawezi kuwekwa ndani kama kabati. Baba alisikiliza yote mawili, akatoka wodini, na jioni ile mbao zikafika nyumbani.

"Nisomee futi," aliniambia sasa, msasa ameuweka chini. "Miguu miwili nimekata. Iliyobaki macho yanakataa, yana ukungu."

Futi ya baba ilikatika ncha zamani, ikaondoka na inchi ya kwanza yote. Mtu mwingine angeitupa. Baba yeye huongeza moja. Akitaka kumi, anaweka alama kwenye kumi na moja, na kazi inaendelea. Sote nyumbani tunalijua hilo, kama tunavyojua mlango upi unahitaji kusukumwa na bega.

Nikaweka mbao sawa. Baba akainamia kitabu, pua inagusa karatasi.

"Kumi na nane," akasema.

Nikaweka alama kwenye kumi na nane, nikachukua msumeno.

"Umeongeza?"

"Niongeze nini? Si wewe huwa unaongeza kichwani kwanza ndiyo unanitajia?"

"Mimi nakutajia ya kitabuni. Nadhani wewe ndiye unay..." Akakatisha. Akauokota msasa haraka, akaanza kusugua mahali palipokwisha kuwa laini. "Haya, ongeza moja, mama. Sogeza alama tu. Hakijaharibika kitu."

Ni ile haraka iliyonishtua. Stuli ilikuwa na miguu minne. Mitatu alikata baba. Wa nne alikuwa amechoka mkono, akanipa msumeno, akanitajia namba, nikakata. Nakumbuka nilijisifu, mkato umenyooka. Baba alidhani nimeongeza, mimi nikadhani ameshaongeza.

Nikasema nakwenda kuchukua gundi kibandani anakoweka vifaa. Nilichotaka hasa ni kile kitabu. Baba huandika humohumo, pembeni mwa michoro, kwa penseli, kila kazi ilivyokwenda. Nililijua hilo, ila sikuwahi kusoma. Nikakichukua pale kwenye mbao alipokiacha, baba akaniona nikikichukua, nikaingia nacho kibandani. Kwenye rafu ya viatu ameandika: *Imepinda. Mbao ilikuwa mbichi.* Kwenye kiti cha kukunja: *Shemeji mzito, lakini kosa ni bawaba.* Nikafika kwenye stuli.

*Mguu wa nne pungufu inchi moja. Nimebandika kipande kwa gundi. Binti asiambiwe, atakataa kunisaidia tena.*

Chini yake, kwa herufi zilizotetemeka: *Kipande kimebanduka.*

Stuli yenyewe niliamuru ichomwe moto. Haikuchomwa. Ilikuwa mlemle kibandani, nyuma ya magunia, miguu juu, na kwenye ncha ya mguu mmoja gundi kavu imebaki kama ukoko. Nikaweka kidole gumba kwenye pengo. Kilijaa sawasawa, inchi nzima. Mimi, ninayepima mabega na viuno vya watu kutwa, ninayewafokea wenzangu kazini kwa nusu sentimita! Nyani haoni kundule. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nilipotoka baba alikuwa amekaa kwenye ndoo.

"Kwa nini hukusema?"

"Kusema kungeunga mfupa?"

"Baba, nilikutukana. Mbele ya wifi."

"Kipande nilibandika mimi," akasema. "Ningekwambia, tungekata mguu mwingine, basi, yasingetokea. Kwa hiyo na mimi nimo." Akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi, akayafanya mabaya zaidi. "Mama yako asiambiwe. Hasira za kwangu ameshazizoea. Za nini kumpa mpya, na alivyochoka?"

Nikarudi kwenye mbao. Niliongeza moja, nikakata, nikapima, nikapima tena. Mkono ulikuwa unaniuma mpaka begani.

Ijumaa kaka alimleta mama. Aliingia uwani na chuma chake cha kutembelea, hatua, pumzi, hatua, pumzi, amekonda, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Benchi tulikuwa tumeliweka kando ya nyanya. Alipoliona akasimama. Aliliangalia kama mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Nikae hapo," akasema, hamwangalii baba, "kisha mnirudishe wodini na shuka zangu?"

"Ni imara," baba akasema. "Safari hii nime..."

"Ulisema hivyo na ile."

 Baba akaanza kukwangua gundi kwenye kucha, mzee wa watu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Angeweza kusimama hivyo miaka iliyobaki yote, na mama angeweza kumwacha asimame. Na mimi ningepika, nikafua, nikawatazama. Nilichoka kabla sijaanza.

"Mama," nikasema. "Mguu mbovu wa stuli nilikata mimi. Sikuongeza inchi. Baba alijua, akanificha."

Kaka akageuka. Mama hakugeuka. Alikaza mikono kwenye chuma chake mpaka mishipa ikasimama, na nikajua kinachomuuma si nyonga.

"Na hili?" akauliza, kidevu amekielekeza kwenye benchi.

"Hili nimekata miguu miwili."

"Ipi?"

"Ya upande wa nyanya."

Akasogeza chuma. Hatua, pumzi. Akaupita upande wa miguu aliyokata baba. Hatua, pumzi. Akafika kwenye nyanya, akageuka polepole kama alivyofundishwa hospitali, akarudi nyuma mpaka mbao ikamgusa nyuma ya magoti. Nikataka kumshika, akanipiga kibao mkononi. Akakaa. Akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto, kwa makusudi, uzito wote juu ya miguu yangu miwili. Benchi halikusogea.

"Miezi miwili," akamwambia baba. "Nimekupa mgongo miezi miwili, na wewe umenyamaza."

"Nimenyamaza."

"Mjinga wewe." Akapapasa mbao kando yake. "Njoo ukae kwako huko, Fanya Mwenyewe, lisije likainuka upande mmoja."

Baba akaenda akakaa. Hawakuangaliana. Mama aliinama kidogo, akachuma jani lililokauka kwenye mche wa nyanya, akaniambia bila kuinua uso niwaletee chai. Nikaingia jikoni, nikainjika maji, na ilibidi nishike ukingo wa meza nisimame hivyo mpaka yalipochemka.