Majoho Thelathini na Mawili

Mimi nikishika kazi, kazi yenyewe husimama wima na kupiga saluti. Ndivyo nilivyomwambia shangazi, fundi cherehani, alipokuwa akifunga begi kwenda kumuuguza bintiye aliyejifungua.

"Majoho thelathini na mawili ya kwaya," alisema. "Wakiridhika, mwalimu wao, ambaye ni mkuu wa shule, ananipa sare za shule nzima. Wakilalamika, narudi kushona foronya. Pima kila mtu. Shona moja, livaliwe, ndipo ukate mengine. Umesikia, baba?"

"Shangazi, mimi nimesoma. Nenda ukabembeleze mjukuu."

Nikabandika ratiba ukutani: Jumatatu kupima, Jumanne kukata, Jumatano na Alhamisi kushona, Ijumaa pasi. Kila siku na rangi yake. Dada tunayeshona naye, ulimi wembe, akaikagua.

"Imependeza. Na kujaribisha kuna rangi gani?"

"Tukianza kujaribu-jaribu tutachelewa."

"Haya, bosi wa karatasi."

Jumatatu nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Watu wengi kama siafu! Lakini sauti ni nne tu, na kila sauti ina watu wanane. Akili ni nywele: nikapima mmoja katika kila sauti, wengine saba nikawanakilia vipimo vyake. Kazi ya siku nzima ikaisha kabla chai haijapoa. Nikaweka tiki kubwa kama jembe, nikaenda kulala.

Ijumaa saa nne asubuhi pasi ilikuwa imeshapoa. Nilijisifu mpaka dada akaomba likizo ya masikio.

Jumamosi shangazi akarudi, kwaya ikavaa. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akawa anafagia sakafu kwa pindo. Jirani yake hakuweza kuinua mkono. Besi mmoja, mrefu kama mnazi, alisimama magoti nje kama mcheza mpira.

"Fundi," mwalimu wa kwaya akauliza, "hawa wanaimba au wanavuka mto?"

Shangazi alishika utepe wa kupimia shingoni kama mtu anayejinyonga taratibu. Nikaruka mbele.

"Mwalimu, kila mtu nilimpima mwenyewe, kwa mkono huu! Ila binadamu hunenepa."

"Na huyu magoti yake yamenenepa?"

"Walikuwa hawatulii, mwalimu. Nampima huku anaimba, anapanda na noti."

Kwaya ikacheka. Mwalimu akakuna kichwa. "Kwa hilo nawajua, hawatulii hawa. Kama kila mtu alipimwa kweli, basi kosa ni letu pia. Fundi, rekebisha haya, Jumatatu nakuletea orodha ya sare."

Shangazi akashusha pumzi ya siku tano. Mimi nikaanza kutabasamu.

Hapo kutoka nyuma akajitokeza besi mfupi kuliko wote, joho limemkaa kama ganda la yai.

"Samahani, mama fundi. Upande wetu nilipimwa mimi peke yangu. Nikamuuliza kijana, 'Na hawa wenzangu?' Akanijibu, 'Mzee, besi zote ni besi tu.'"