Nyabol wa Kwenye Postikadi

Céline, fundi cherehani kutoka Kongo, alirudi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma na vitenge alivyonunua Lodwar, akasema Nyabol amekua. Alimwona kwenye duka la zawadi karibu na uwanja wa ndege. Gauni lilikuwa linambana kwapani.

Nyaduoth, mama yake Nyabol, alimaliza kupanga sukari kwenye meza yake ya biashara, ndipo akauliza kama magoti nayo yako nje. Yalikuwa nje.

Nyabol alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu, siku chache baada ya wapiga picha wa kampuni ya kadi kuja kwenye bomba la maji la kambini. Walimwambia Nyaduoth amshike mtoto mkono, asitabasamu, wakamgeuza mtoto uso kwenye jua. Walisema picha ingeleta dawa. Haikuleta dawa. Ikawa postikadi.

Ilikuwa postikadi nzuri, hakuna aliyebisha. Karatasi nzito, ukingo mpana mweupe, mchanga wa rangi ya tangawizi, gauni jekundu la mtoto likivuta jicho kabla ya kitu kingine. Chini, kwa herufi ndogo: Kiu. Wageni waliichagua wakaacha za ziwa na za ngamia.

Nyaduoth alisafiri hadi Lodwar. Wandera, msanifu wa kadi hizo, alimpa kiti na maji ya baridi, akamfungulia boksi. Kwenye kila kadi Nyabol alikuwa msichana wa miaka saba, meno ya mbele yameng'oka. Wandera alieleza kuwa wamechapisha upya mara nyingi, lakini kadi zinatoka kiwandani mtoto akiwa keshakua. Kampuni imechoka.

Nyaduoth alisema Céline anaweza kushona gauni jingine, walipige picha, wamvishe. Akaomba kadi moja, akae nayo nyumbani. Wandera alijibu kwamba picha ni mali ya kampuni.

"Na mtoto mkubwa hauziki, mama. Watu wanataka yule mdogo."

"Yule mdogo alikufa," alisema Nyaduoth. "Nyinyi mlimshika uso, mkamgeuza kwa jua. Mwili wake ulikuwa wa moto. Hakuna mtu aliuliza."

Wandera aliangalia simu yake. Kwenye kadi, Nyabol alivuta gauni kufunika magoti.

Nyaduoth alichukua kadi moja, akaisokomeza kifuani, akatoka. Askari wa mlangoni alimwomba radhi, akaitoa.

Toleo jipya lilimwondoa mtoto mzima, hadi vidole. Zile za zamani zilichomwa nyuma ya duka. Kwenye mpya akabaki mama peke yake na nafasi kubwa nyeupe kando yake, na wajuzi wa usanifu wakaisifu sana nafasi hiyo.

Kadi zilipofika dukani, vidole vinne vya mtoto vilikuwa vimeingia kutoka ukingoni, vimeshika kiganja cha Nyaduoth. Wageni walidhani ni ubunifu. Zilinunuliwa zaidi kuliko za kwanza, na kampuni ikaagiza nyingine.